Mwalimu wa daktari ana hali gani? Namna ustawi wake unavyopimwa, na pale kipimo kinapokwama

Kama unafundisha kwenye chuo cha udaktari, au una ndugu anayefundisha huko, hii unaijua. Linki inaingia kwenye grupu la WhatsApp la idara: ndugu wanataaluma, tunaomba dakika zenu kumi kujaza dodoso kuhusu ustawi wenu kazini. Watu watatu wanaweka dole gumba. Wawili wanajaza. Mmoja wao anajaza huku akisubiri mashine ya fotokopi imalize karatasi za mtihani, anabofya "mara chache" kuanzia juu hadi chini ili amalizane nayo. Baadaye inatoka taarifa yenye asilimia, na asilimia hiyo inasomwa kwenye kikao.

Leo nataka tuikamate hiyo asilimia na kuiuliza imetoka wapi. Mimi nilisoma uzamili wa afya ya jamii, na sehemu kubwa ya kazi yangu sasa ni kukaa na madodoso ya namna hii: kuyatafsiri, kuyajaribu, kuhesabu majibu. Ukikaa nayo muda mrefu unaanza kuona kwamba swali la "habari za kazi?" ni gumu kuliko linavyoonekana, hasa ukimuuliza mtu anayetibu na kufundisha kwa wakati mmoja.

Kwa nini huyo na si mgonjwa au mwanafunzi? Kwa sababu wote wawili wanamtegemea, na wako wachache. Utafiti mkubwa wa shule za udaktari za Afrika kusini mwa Sahara, uliochapishwa kwenye jarida la The Lancet mwanzoni mwa miaka ya 2010, ulihesabu shule 168 katika eneo lote hilo, na upungufu wa walimu ulikuwa miongoni mwa vikwazo vikubwa vilivyotajwa. Hapa Tanzania daktari anasoma miaka mitano darasani na wodini, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Kwenye fani zenye mabingwa wachache, mhadhiri mmoja akiondoka, darasa zima linaweza kumaliza bila kumwona mtu wa fani ile akifanya kazi yake. Na siku hizi kuondoka si lazima kubeba mabegi. Kuna mtu yupo, anasaini, anafundisha kwa slaidi zilezile za miaka sita iliyopita, wakati roho yake ilishahama zamani. Huyo ndiye madodoso yanamtafuta.

Tuanze na kipimo kifupi kuliko vyote. Kinaitwa WHO-5, kimekuwepo tangu 1998, na kina sentensi tano tu. Kinauliza kuhusu wiki mbili zilizopita: umekuwa mchangamfu, umekuwa mtulivu, umekuwa na nguvu, umeamka ukiwa umepumzika, siku zako zimejaa mambo yanayokuvutia? Kila sentensi unaipa namba kutoka 0 (hakuna wakati wowote) hadi 5 (wakati wote). Unajumlisha, unazidisha kwa 4, unapata alama kati ya 0 na 100.

Hebu tujaribu. Mhadhiri mmoja wa kufikirika anajipa 3, 2, 2, 0 na 3. Jumla ni 10, mara 4 ni 40. Kwa kawaida alama iliyo chini ya 50 inachukuliwa kuwa ishara ya kumwangalia mtu kwa karibu zaidi, na mabadiliko ya pointi 10, kupanda au kushuka, yanahesabiwa kuwa mabadiliko ya maana. Angalia kwamba swali lililomwangusha ni lile la kuamka akiwa amepumzika. Huenda ana msongo. Huenda pia ana mtoto wa miezi minne, au alikuwa zamu usiku mara tatu wiki hiyo. WHO-5 haijui, na haidai kujua. Inakwambia hali ya mtu ikoje bila kukwambia nani kaisababisha, na mimi napenda huo unyenyekevu wake.

Kipimo cha pili ni tofauti kabisa, kwa sababu chenyewe hakitafuti ustawi. Kinatafuta uharibifu.

Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliandika kuhusu watu aliofanya nao kazi kwenye kliniki ya bure jijini New York. Walikuja na moto wa kusaidia watu, na baada ya muda moto uliwaishia. Alitumia neno la Kiingereza la kitu kilichoungua hadi kikaisha. Kwenye makala hii nitasema "uchovu sugu wa kazi", kama tunavyosema malaria sugu. Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson wakaligeuza wazo hilo kuwa dodoso la maswali 22, na hadi leo ukisikia chuo "kimepima" uchovu wa walimu wake, kuna uwezekano mkubwa ni dodoso la Maslach lililotumika, au mtoto wake.

Dodoso hilo lina vyumba vitatu. Maswali tisa ni ya kuishiwa nguvu za ndani. Matano ni ya kuanza kuwaona unaowahudumia kama vitu, ile hali ya kutojali tena nini kinawapata. Manane ni ya kujiona bado una mchango, na haya yanahesabiwa kinyume: alama ikiwa ndogo ndiyo habari mbaya. Kila swali unajibu ni mara ngapi unajisikia hivyo, kuanzia 0 ya "haijawahi" hadi 6 ya "kila siku".

Shirika la Afya Duniani nalo lilifuata karibu muundo huohuo. Kwenye orodha yake ya magonjwa ya toleo la 11, iliyoanza kutumika Januari 2022, uchovu sugu wa kazi umeelezwa kuwa matokeo ya msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukudhibitiwa, wenye sura tatu: nguvu kuisha, kujitenga kiakili na kazi au kuidharau, na kushuka kwa ufanisi. Lakini sikiliza, limeuweka kama hali inayohusiana na kazi, halikuuweka kama ugonjwa. Habari zilipotoka 2019 vyombo vingi viliandika kwamba sasa ni ugonjwa rasmi, ikabidi Shirika litoe ufafanuzi. Kwa hiyo dodoso la Maslach halimpi mtu cheti cha kuumwa, na mwajiri akisema "asilimia 40 ya walimu wetu ni wagonjwa" kachanganya mambo.

Sasa twende kwenye hiyo asilimia yenyewe. Vyumba vitatu vinatoa alama tatu, na kikao kinataka namba moja. Wapi tuchore mstari? Watafiti wengi wamekuwa wakisema alama 27 na kuendelea kwenye kuishiwa nguvu (kati ya 54), au 10 na kuendelea kwenye kutojali (kati ya 30), ni "juu". Mistari hiyo haikutokana na kuwapima watu hospitali na kuona nani ameanguka. Kwenye matoleo ya zamani ya mwongozo, kundi kubwa la waliojaza liligawanywa mafungu matatu, wa juu, wa kati na wa chini. Ukigawanya kundi lolote hivyo, theluthi moja itakuwa juu tu, hata wote wawe wanacheka. Kwenye toleo la nne la mwongozo, la 2016, mistari hiyo iliondolewa. Bado inatumika kila mahali.

Matokeo yake? Mwaka 2018 timu iliyoongozwa na Lisa Rotenstein ilichapisha kwenye jarida la JAMA mapitio ya tafiti 182 za uchovu wa madaktari kutoka nchi 45, zenye madaktari zaidi ya 109,000. Kiwango cha uchovu kwa ujumla kilianzia asilimia 0 na kuishia asilimia 80.5. Rudia kusoma hapo. Siyo kwamba kuna nchi ambayo hakuna daktari aliyechoka. Ni kwamba timu hiyo ilikuta maana zisizopungua 142 za "kuwa na uchovu sugu". Mmoja anahesabu aliyevuka mstari kwenye chumba chochote, mwingine anataka vyumba vyote vitatu, wa tatu kachora mstari wake mwenyewe. Watu walewale, majibu yaleyale, na unaweza kutoka na asilimia unayoitaka. Kwa hiyo ukisoma taarifa ya chuo chako, kabla hujashtuka wala kufurahi, tafuta sentensi inayosema mstari ulichorwa wapi. Kama haipo, iache hiyo taarifa mezani.

Hayo yote yanamhusu daktari yeyote. Mwalimu wa udaktari ana ishu yake ya ziada, na ndiyo iliyonivuta kwenye mada hii.

Dodoso la Maslach lina matoleo. Kuna la watoa huduma, linalouliza kuhusu watu unaowahudumia, na lina ndugu yake anayewataja wagonjwa moja kwa moja. Kuna la walimu, linalouliza kuhusu wanafunzi. Kuna la wafanyakazi wa aina zote. Haya niambie, bingwa wa watoto anayefundisha umpe lipi? Saa mbili asubuhi anapita raundi wodini akiwa na wanafunzi kumi na tano nyuma yake. Saa tano yuko kliniki. Saa nane ana mhadhara. Jioni anasoma rasimu ya tasnifu ya mwanafunzi wa uzamili, na usiku anaandika makala yake mwenyewe, maana bila makala hatatoka mhadhiri kwenda mhadhiri mwandamizi. Ukimpa dodoso la watoa huduma, umepima kliniki yake. Ukimpa la walimu, umepima mhadhara wake. Na kile cha katikati, yaani kufundisha ukiwa umemshika mgonjwa, ukimwangalia mama wa mtoto kwa jicho moja na mwanafunzi anayetetemeka na sindano kwa jicho la pili, hakimo kwenye lolote.

Ni jambo la kawaida kabisa mtu akawa ameshawachoka wanafunzi lakini kwa mgonjwa bado ni malaika. Na kinyume chake pia: kuna anayesema kilichomweka kazini ni wale vijana, vinginevyo wodi ingeshamfukuza. Ukichanganya hao wawili kwenye alama moja unapata mtu wa wastani ambaye hayupo popote.

Kuna dodoso linaloruhusu kulitatua hili vizuri kidogo. Ni la Copenhagen, lililochapishwa 2005 na Tage Kristensen na wenzake wa Denmark. Lina maswali 19 katika mafungu matatu: uchovu wako kama binadamu, uchovu unaoona umetokana na kazi, na uchovu unaoona umetokana na "wateja". Neno mteja waliliacha wazi makusudi, ulibadilishe kulingana na kazi: mgonjwa, mfungwa, mwanafunzi. Maswali ya fungu hilo ni sita tu, kwa hiyo kwa mwalimu wa udaktari unaweza kuyauliza mara mbili, kwanza kuhusu wagonjwa kisha kuhusu wanafunzi, na ukatoka na alama mbili unazoweza kuziweka bega kwa bega. Maswali sita ya ziada si mzigo mkubwa. Tena dodoso hili ni la bure, wakati la Maslach linalipiwa kwa kila nakala, jambo ambalo kwa mwanafunzi wa uzamili mwenye bajeti ya kuunga unga ni hoja nzito ya kisayansi.

Sasa lugha. Hapa naomba unisikilize kwa makini, maana ndipo sisi tunaozungumza Kiswahili tuna la kusema.

Wengi watasema wahadhiri wa udaktari wanafundisha kwa Kiingereza, tafsiri ya nini? Ni kweli wanafundisha figo kwa Kiingereza. Lakini sijamwona mtu anayelalamikia kazi yake kwa mkewe kwa Kiingereza cha kitabu. Na wanaofundisha wodini si wahadhiri peke yao, kuna wauguzi wanaowasimamia wanafunzi kila siku. Kwa hiyo tafsiri inahitajika, na tafsiri ina mitego.

Chukua neno lenyewe, kuchoka. Dar ukisema "jamaa kachoka", msikilizaji anaweza kuelewa jamaa hana hela, au nguo zake zimechakaa. Ukimwuliza mhadhiri ambaye posho yake imecheleweshwa "unajisikia umechoka?", anajibu ndiyo, na hajakwambia kitu kuhusu nguvu zake za ndani. Kuna nimechoka, ambayo usingizi unaitibu. Kuna nimechoshwa, ambapo kuna kitu au mtu aliyenifanya hivi. Kuna nimekinai, kama mtu aliyekula wali wa nazi siku thelathini mfululizo. Ukiniuliza mimi, kukinai kuko karibu zaidi na kile Maslach alichokitafuta kuliko kuchoka, lakini tafsiri nyingi nilizopitia zinakimbilia kuchoka. Na ukijaribu kuokoa mambo kwa kuandika "kuchoka kihisia", umeingia shimo lingine, maana kwa vijana wengi neno hisia limeshatekwa na mapenzi.

Au chukua lile swali la kuwa mgumu kwa watu. "Roho ngumu" kwa daktari wa upasuaji ni sifa. Nani anataka kupasuliwa na mtu mwenye roho laini? Na kumwita mgonjwa "kitanda namba saba" kunaweza kuwa dalili ya kuanza kumwona kama kitu, au ni namna tu watu wa wodi wanavyoongea bila kutaja jina la mtu mbele ya wageni.

Njia ya kawaida ya kukagua tafsiri ni kumpa mtu mwingine airudishe kwenye Kiingereza bila kuona ya awali. Ni njia nzuri, Richard Brislin aliieneza tangu 1970, lakini mtego wa kuchoka haiukamati. Kiingereza kinasema amechoka, mtafsiri anaandika kuchoka, wa pili anarudisha amechoka, kila mtu anapiga makofi. Kinachoukamata ni kukaa na watu kumi au kumi na tano wa aina ileile utakaowapima na kuwaomba wakueleze kwa maneno yao swali linauliza nini. Ni kazi ya polepole. Habari njema ni kwamba wenzetu wameshaanza: 2018 watafiti wa Kilifi walichapisha kazi ya kuthibitisha WHO-5 ya Kiswahili kwa watu wazima wanaoishi na VVU na wenye kifafa vijijini pwani ya Kenya. Miaka ya nyuma zaidi, Sylvia Kaaya na wenzake walithibitisha kipimo cha sonona na wasiwasi kwa wajawazito wenye VVU Dar es Salaam. Lakini kipimo kilichothibitishwa kwa mkulima wa Kilifi hakijathibitishwa kwa profesa wa fiziolojia. Kila kundi linataka kazi yake.

Halafu kuna adabu. Salamu zetu unazijua. Habari za nyumbani? Nzuri. Watoto? Wazima. Kazi? Tunashukuru. Halafu, baada ya hapo: "Ila jana tumefiwa." Jibu la kwanza ni la heshima, habari yenyewe inakuja baada ya "ila". Dodoso la kubofya halina nafasi ya "ila". Na ukimtuma mtafiti kijana aende uso kwa uso ndiyo balaa zaidi. Fikiria mazungumzo haya:

"Shikamoo, Prof."

"Marahaba. Karibu, kaa."

"Prof, swali la kwanza: ni mara ngapi unahisi hujali tena kinachowapata wanafunzi wako?"

Anayeuliza alikuwa mwanafunzi wake miaka mitatu iliyopita. Unategemea jibu gani hapo?

Kuhusu uthabiti na uhalali nitapita haraka, maana vitabu vya takwimu vimejaa hayo. Mizani ya muuza nyama ikiongeza robo kilo kila unapopima, ni thabiti, haibadiliki, na inakuibia. Ndiyo maana Wakala wa Vipimo wanapita kuikagua. Kwenye madodoso, namba inayopendwa kutajwa ni alfa ya Cronbach ya 1951, na watu wakipata 0.7 na kuendelea wanashangilia. Alfa inakwambia maswali yanakwenda pamoja. Haikwambii yanakwenda wapi. Ukiuliza swali moja kwa maneno matano tofauti alfa itapanda yenyewe.

Linalonisumbua zaidi ya alfa ni waliokaa kimya. Tufanye hesabu ya kubuni. Chuo kina walimu 200, dodoso limejazwa na 70, na kati yao 28 wamevuka mstari. Taarifa itasema asilimia 40. Lakini kama wale 130 waliokaa kimya wote wako salama, ukweli ni 28 kati ya 200, asilimia 14. Na kama wamekaa kimya kwa sababu hawana hata nguvu ya kufungua linki, ukweli unaweza kufika 158 kati ya 200, asilimia 79. Ukweli uko sehemu fulani kati ya 14 na 79, na ile 40 imekaa katikati ikijiamini kabisa. Waliokwisha kuacha kazi ndio hawamo kwenye hesabu yoyote. Vilevile daktari wa uzamili anayewafundisha wanafunzi usiku wa manane wodini: chuo kinamhesabu kama mwanafunzi, kwa hiyo linki ya walimu haimfikii, ingawa kuna siku kafundisha kuliko sisi wote. Na kuna mahali kama Muhimbili ambapo hospitali ni taasisi moja na chuo ni nyingine kwenye eneo moja. Bingwa mwajiriwa wa hospitali anaweza kuwafundisha wanafunzi kila Jumanne na asiwe kwenye orodha ya walimu ya mtu yeyote.

Sasa, tukishapima, tunapata nini cha kufanyia kazi? Utafiti ninaoupenda hapa ni wa Mayo Clinic ya Marekani, wa Tait Shanafelt na wenzake, 2009. Waliwauliza madaktari wanataaluma 465 wa idara ya magonjwa ya ndani swali rahisi: katika kazi zako, ipi ina maana zaidi kwako? Asilimia 68 walisema kutibu wagonjwa, 19 utafiti, 9 kufundisha, 3 utawala. (Hao wa utawala ningependa kukutana nao.) Kisha wakauliza, kazi hiyo unaipa muda kiasi gani? Waliokuwa wanaipa chini ya asilimia 20 ya muda wao, yaani kama siku moja kwa wiki, asilimia 53.8 walikuwa na uchovu sugu. Waliobaki, asilimia 29.9.

Tusikimbie nalo. Walipimwa mara moja tu, na mtu aliyekinai huenda haoni maana kwenye chochote anachofanya, kwa hiyo mshale unaweza kuelekea upande wowote. Tena ni hospitali moja tajiri. Lakini angalia aina ya swali. Swali hili linampa mkuu wa idara kitu cha kushika: ratiba. Alama ya kuishiwa nguvu peke yake inampa sababu ya kuandaa semina ya siku moja ya kukabiliana na msongo, yenye juisi na sambusa, ambayo mhadhiri atahudhuria Jumamosi aliyokuwa apumzike. Ndiyo maana mimi nasema kila dodoso la ustawi liambatane na maswali makavu: wanafunzi wangapi kwenye raundi, usiku mangapi wa zamu kwa mwezi, tasnifu ngapi unasimamia, kufundisha kunahesabiwa kiasi gani kwenye kupanda cheo. Hayo hayahitaji alfa ya mtu.

Kuna jambo la mwisho, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Dodoso linasema "majibu yako ni siri, usiandike jina". Kisha linauliza jinsia, umri, idara na cheo. Idara ina watu sita. Mwanamke, zaidi ya miaka 50, profesa mshiriki, magonjwa ya ngozi: huyo umeshamtaja, umebakiza namba ya simu. Watu wanaliona hilo, na wanajibu kwa tahadhari. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya ina yake ya 2019, na taarifa za afya zinahitaji ulinzi wa ziada, lakini hata bila sheria, kundi lenye watu pungufu ya watano halitakiwi kuonekana kwenye jedwali lolote.

Upande wa pili wa siri ni mgumu zaidi. Baadhi ya madodoso, kama PHQ-9 ya sonona, yana swali kuhusu mawazo ya kujidhuru. Mtu akijibu "karibu kila siku" kwenye fomu isiyo na jina, wewe mtafiti umekaa na jibu lake kwenye kompyuta yako na huna pa kumpata. Kwa hiyo kawaida tunaweka chini ya fomu maneno ya kumwelekeza kliniki ya afya ya akili. Kwa mwalimu wa udaktari, hiyo kliniki ni ipi? Mara nyingi ni ya hospitali ileile anayofundisha. Akae kwenye benchi na wagonjwa wake, aitwe kwa jina, ahudumiwe na daktari wa uzamili ambaye mwezi wa sita atakuwa mbele yake kwenye mtihani wa mdomo, au na mwenzake wanayegombea naye nafasi ya mkuu wa idara. Haendi. Kama ni wewe unaandaa dodoso la chuo chako, makubaliano na mtoa huduma aliye nje ya chuo na nje ya hospitali hiyo yanatakiwa yawe yamesainiwa, na simu yake iwe imejaribiwa kwamba inapokelewa, kabla linki haijaingia kwenye grupu.